Chupa ya Jioni, Kosa la Asubuhi

Jioni, matatu zikishusha watu mtaani Pioneer, Eldoret, wapo wanaopitia baa kabla ya kufika nyumbani. Majirani husema watu hao wanapenda pombe, basi. Maelezo hayo hayanitoshi, kwa sababu yanaanzia baa na kuisahau kazi.

Mwaka 1979 mtafiti Mmarekani Robert Karasek alieleza kuwa kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye mzigo mkubwa huku mfanyakazi hana kauli juu yake. Kondakta ni lazima afikishe hesabu ya mwenye gari hata siku ambayo abiria hawapo. Muuguzi hupangiwa zamu ya usiku bila kuulizwa, na kibarua wa kiwandani hana hakika kama kesho ataitwa. Eldoret inaujua wasiwasi huo: kiwanda cha nguo cha Rivatex kilifungwa, watu wakabaki bila mshahara, hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipokinunua mwaka 2007.

Si kila aliyebanwa na kazi hunywa. Hunywa zaidi yule anayeamini kuwa pombe huondoa mawazo, na ambaye wenzake humvuta kaunta kila wakitoka zamu. Kwa saa chache imani hiyo ni kweli: mwili hulegea, usingizi huja upesi. Lakini kuelekea alfajiri pombe huukatakata usingizi huohuo, na mtu huamka amechoka zaidi kuliko alivyolala.

Tupige hesabu. Chupa ya Tusker ya mililita 500 yenye alkoholi ya asilimia 4.2 ina takriban gramu 17 za alkoholi. Ini huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa. Aliyeanza saa moja jioni akamaliza chupa sita anaweza kuingia kazini saa mbili asubuhi pombe ingali mwilini, na hata ikiisha, umakini na kumbukumbu huchelewa kurudi. Anakosea, anakaripiwa, anaogopa kufutwa, na jioni ana sababu mpya ya kunywa. Anayeanza kuzimua asubuhi ili mikono itulie, huyo tayari anahitaji matibabu.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humruhusu mwajiri kumfuta papo hapo anayelewa saa za kazi hata akashindwa kuifanya. Kwa dereva au mwendesha mashine naielewa, maana maisha ya watu yamo hatarini. Ila sheria hiyo hufika mambo yakiwa yameshaharibika.

Hapahapa Eldoret, mpango wa huduma za afya wa AMPATH ulijaribu njia nyingine kwa wagonjwa wa HIV waliokunywa kupita kiasi. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kuwa vikao sita vya kikundi, vikiongozwa na washauri wasio wanasaikolojia, viliwapunguzia watu unywaji. Mwajiri anaweza kuwafundisha watu wake wawili watatu kazi hiyo, na vikao vikafanyika ndani ya saa za kazi. Ratiba ya zamu nayo ibandikwe mapema, baada ya wanaozifanya kuulizwa.