King Kong angepita mizani ya Mpemba?

Mashabiki wa muvi za mijitu wana ubishi mmoja usioisha kuhusu King Kong, ile ya zamani ya mwaka 1933: stelingi ni nani? Kanuni ya vibanda umiza, kuanzia Tunduma hadi Kariakoo, kila mtu anaijua: stelingi hafi. Kwa kanuni hiyo stelingi ni Jack Driscoll, baharia anayemfuata Ann Darrow msituni mpaka anamtoa mikononi mwa Kong. Wengine hawakubali. Jina la muvi ni la Kong, na akidondoka kutoka juu ya jengo la Empire State, anayeonewa huruma ni yeye, si marubani waliompiga risasi. Kuhusu adui, wengi wanamtaja Carl Denham, mtengeneza sinema aliyemfunga mnyama minyororo akampeleka New York ili auze tiketi. Mimi niko upande wa Kong, kanuni au hakuna kanuni.

Lakini upo ubishi wa pili, na huu una jibu. Mnyama kama Kong anaweza kuwepo kweli?

Tuanze na Kong mwenyewe alivyokuwa. Mara nyingi unapomwona mzima kwenye muvi ile, unaangalia kisanamu cha kama sentimita 45, chenye mifupa ya chuma na ngozi ya sungura. Willis O'Brien na wenzake walikuwa wanakisogeza kidogo, wanapiga picha, wanakisogeza tena, na sekunde moja ya muvi inataka picha 24. Ukitazama vizuri utaona manyoya yake yanatikisika bila upepo. Ni alama za vidole vyao. Hata kimo chake kilibadilika njiani: kisiwani alichorwa kuwa na mita 5.5 hivi, New York akafika kama 7.3 ili asipotelee kati ya maghorofa.

Sasa hesabu. Chukua tofali lenye umbo la dadu. Jenga dadu lingine lenye urefu, upana na kimo mara mbili. Utatumia matofali manane, ila yanayogusa chini ni manne tu. Uzito umepanda mara nane, pa kukanyaga pamepanda mara nne, kwa hiyo kila tofali la chini limebeba mzigo mara mbili ya mwanzo. Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1638, akitumia mifupa kama mfano.

Gorila dume ana kimo cha kama mita 1.7 na uzito wa kilo 160 hivi. Mkuze hadi mita 7.3 bila kubadili umbo, yaani mara 4.3. Uzito unapanda mara 79 na kufika karibu tani 12.7. Eneo la mkato wa mifupa linapanda mara 18 tu. Kila kipande cha mfupa sasa kinabeba mzigo mara 4.3. Mifupa ya wanyama wengi ina akiba: hata mnyama anapokimbia, bado inaweza kuhimili mara mbili hadi nne ya mzigo huo kabla ya kuvunjika. Kong wa 1933 ameshaimaliza akiba yote. Kusimama pengine angeweza. Kuruka, kupigana na dinosaria na kupanda ghorofa, hapana.

Madereva wanaopita mizani ya Mpemba wanaielewa hoja hii kuliko wengi wetu. Lori zima linaruhusiwa hadi tani 56 kwa sababu uzito umegawanywa kwenye ekseli nyingi. Ekseli moja yenye tairi nne mwisho wake tani 10. Kong akitembea, kila hatua anaziweka tani zote 12.7 kwenye mguu mmoja. Na yule wa muvi ya 2021, mwenye kimo cha kama mita 100, kwa hesabu hiyohiyo angekuwa na zaidi ya tani 32,000. Hayo ni malori 570 na ushee yaliyojaa, kwenye miguu miwili. Huyo hata kusimama asingeweza.

Mbona basi dinosaria waliweza? Jibu moja limelala kwenye mawe ya hukuhuku Songwe. Watanzania wengi wanamjua mjusi wa Tendaguru aliyeko Berlin, ila Shingopana songwensis hawamjui, ingawa jina lake ni Kiswahili kitupu na la pili ni la mkoa wetu. Alitangazwa mwaka 2017. Miaka mitatu kabla alitangazwa ndugu yake, Rukwatitan bisepultus, aliyeishi miaka kama milioni 100 iliyopita. Miguu yake ya mbele ilifika mita mbili, na uzito wake unakadiriwa kuwa sawa na wa tembo kadhaa.

Hawa hawakuwa mijusi ya kawaida iliyokuzwa tu. Walisimama kwa miguu minne iliyonyooka kama nguzo, tofauti na magoti ya gorila yanayokunjwa. Pingili za shingo zilikuwa na mashimo ya hewa, hivyo shingo ikawa ndefu bila kuwa nzito. Kichwa kilikuwa kidogo kwa sababu hawakutafuna. Walikata majani na kuyameza. Kwa hiyo yule dinosaria wa shingo ndefu anayewang'ata mabaharia kwenye muvi amesingiziwa. Jamii yake ilikula majani.

Na jamaa wa Kong pia wapo. Mwaka 2013 watafiti walitangaza taya la Rukwapithecus fleaglei kutoka Bonde la Rukwa, lenye umri wa miaka milioni 25. Wakati huo ndiyo yalikuwa mabaki ya kale kuliko yote ya jamii ya masokwe, ile ambayo gorila na sisi tumo. Uzito wake? Kama kilo 12. Mbuzi mdogo.

Mabaki haya huchomoza kwenye miamba, kwenye kingo za mito na makorongo, hasa baada ya mvua. Ukikuta jiwe lenye umbo la mfupa, usilichimbe. Kuchimba bila leseni ni kosa tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Piga picha, weka alama ya mahali, toa taarifa kwa ofisi ya utamaduni ya halmashauri. Umri wa mfupa husomwa hasa kwenye tabaka la mwamba ulimolala. Ukishang'olewa na kuwekwa kabatini nyumbani, hakuna atakayejua kama ni wa miaka milioni 25 au milioni 100.