Kibao cha Tumbaku Kisirudi Jikoni

Si tumbaku yote ya kiko inayofika kwa mvutaji ikiwa imeshakatwa. Kendal, mji wa kaskazini magharibi mwa Uingereza ambako biashara ya tumbaku iliyokuja kuitwa Samuel Gawith ilianza 1792, unajulikana kwa tumbaku ya kusokota: majani yanasokotwa hadi yawe kamba nyeusi, ngumu, yenye unyevu, na mnunuzi ndiye anayeikata mwenyewe. Zamani mabaharia wa jeshi la majini la nchi hiyo walipewa majani makavu, wakayanyunyizia ramu, wakayaviringisha na kuyakaza kwa turubai na kamba, kisha wakawa wanakata kidogo kidogo kwa kisu. Penye kisu pana kibao, na wengi hudhani kibao chochote kinafaa. Mimi naona kibao hiki kinadai masharti makali kuliko kile cha nyama, kwa sababu moja nyepesi: kinachomeguka kwenye kibao cha nyama huliwa, ila kinachomeguka kwenye kibao cha tumbaku huchomwa na moshi wake ukavutwa.

Ukishika sababu hiyo, uchaguzi wa mbao unabadilika. Kishawishi cha kwanza cha anayejitengenezea nyumbani ni kuokota kipande kilichobaki kwenye ujenzi. Mbao za paa na nguzo katika nchi zetu mara nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na mojawapo ya dawa zilizozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki. Marekani iliacha kuitumia kwa mbao za makazi mwishoni mwa 2003. Rangi ya kijani iliyofifia ni dalili mojawapo, lakini mbao iliyozeeka juani huipoteza, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Mbao za paleti nazo zina muhuri: HT maana yake zimepashwa joto, MB maana yake zimefukizwa kwa methili bromaidi. Hata yenye HT haikuambii ilibeba nini njiani, na mafuta au kemikali iliyomwagika juu yake imeshazama ndani ya nyuzi. Plaiwudi nayo ni tabaka za mbao zilizoshikwa kwa gundi, na kisu kinachopita hapo kila siku kinakwangua gundi pamoja na mbao.

Baada ya sumu inakuja harufu. Tumbaku hunyonya harufu ya kitu ilichokaa nacho, na ndiyo maana paina yenye utomvu, mkaratusi na mtarakwa havifai. Hapa mpenda sigara atasema kwamba sigara bora za Havana huwekwa kwenye masanduku ya mwerezi, tena kwa makusudi. Ni kweli, lakini sanduku halikatwi. Sigara hupata harufu kwa kulala karibu na ubao. Haichanganyiki na vumbi lake. Miti migumu ya hapa Afrika Mashariki nayo ina lake. Mpingo ni mgumu mno kwa kisu, vumbi lake likiwasha ngozi. Mvule hubeba ndani yake vijiwe vinavyovunja makali. Msaji una mafuta na chembe za silika. Wazungu hutumia zaidi beech na maple, miti yenye nyuzi zilizoshikana na isiyo na harufu kubwa. Kwetu, mzeituni mwitu wanaouchonga mafundi wa Kikamba kuwa vijiko na bakuli unakaribia sifa hizo ukishakauka sawasawa. Kwa mti usioujua, futa kipande kwa kitambaa chenye maji ya moto kisha unuse. Kikitoa harufu kali, kitafute kazi nyingine.

Kuna watakaouliza kwa nini tusinunue kibao cha plastiki, kisicho na nyuzi wala utomvu. Utafiti wa Dean Cliver na wenzake huko Marekani, uliotolewa miaka ya 1990, ulionyesha kwamba bakteria huzama ndani ya mbao na kupungua, ilhali plastiki iliyochanwa na kisu ni ngumu kusafisha. Sitautegemea sana, maana ulihusu chakula. Hoja yangu ni fupi zaidi: plastiki nayo humeguka, na plastiki inayoungua ndani ya kiko ni mbaya kuliko chembe ya mti. Wengine watasema kibao cha kitunguu kinatosha. Kitunguu na tumbaku havisameheani harufu, ila hilo ni dogo. Wachumaji wa majani mabichi ya tumbaku hupata kichefuchefu na kizunguzungu kutokana na nikotini inayopenya ngozi yenye unyevu, na kibao kilicholowa maji ya tumbaku hakina haki ya kupokea mboga za watoto.

Pingamizi zito ni la anayesema kuwa mvutaji ameshakubali sumu, hivyo kuhangaikia chembe za mbao ni kichekesho. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka vinavyotokana na tumbaku, na kiko kina sehemu yake katika saratani za mdomo, koo na mapafu. Hakuna kibao kitakachopunguza hilo, na fundi asijidanganye. Lakini kukubali sumu moja si kuialika nyingine, hasa aseniki ya dawa ya mbao, ambayo mvutaji hakuiomba wala haitambui.

Umbo lenyewe halina siri. Sentimita 30 kwa 20, unene wa 2 au 3, na kipande chini ya ukingo wa mbele cha kushika meza ili kibao kisiteleze. Juu, kizuizi cha kuegemezea kamba ya tumbaku, kwani vipande vya milimita 1 au 2 vikilingana huungua kwa mwendo mmoja. Chembamba huwaka haraka na kuunguza ulimi, kinene huzimika. Kizuizi kinachokatiza nyuzi kisigundishwe urefu wote. Mbao hupanuka kwa upana wake ikipata unyevu, na gundi isiyoiachia nafasi huipasua. Skrubu moja ya katikati, na nyingine kwenye tundu refu, zinatosha. Vanishi haina kazi hapa, na mafuta ya kitani hunuka kwa wiki nyingi. Piga randa, kisha msasa laini, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, na kisimamishe kibao kikauke pande zote mbili kabla ya kisu cha kwanza.