SOYA YA PILIPILI: ONJA, LAKINI SOMA PAKITI

Ndugu msomaji, bila shaka unaijua soya. Wengi wetu huisaga, tukapata unga wa uji wa watoto. Wachina huila kwa namna nyingi. Namna mojawapo ni vitafunwa vikali vya pilipili.

Mpwa wangu alikuwa masomoni katika mji wa Changsha, jimbo la Hunan, kusini mwa China. Aliporudi alileta pakiti mbili. Ndani ya zote mlikuwa na vipande vyekundu vinavyong'aa kwa mafuta. Tulikaa barazani, tukaonja. Looo! Kwanza utamu, kisha chumvi, kisha pilipili ikawaka mpaka masikioni.

Jirani yetu mmoja, bibi mwenye shinikizo la damu, alicheka huku akifuta machozi. Akaishika pakiti ya pili.

"Mjukuu wangu, soya hii nimeipenda. Hebu nipe pakiti nzima."

"Samahani, bibi," mpwa wangu akajibu. "Ngoja kwanza nikusomee."

JINSI VINAVYOTENGENEZWA

Soya huoshwa na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi husagwa pamoja na maji, kisha huchujwa. Maji meupe yanayotoka ndiyo maziwa ya soya.

Maziwa hayo ni lazima yachemshwe vizuri. Kwa nini? Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Moto hukipunguza nguvu kitu hicho.

Baada ya kuchemka, maziwa hutiwa jasi safi ya chakula. Si jasi ya kujengea! Maziwa huganda kama mtindi. Mabonge hufungwa katika kitambaa na kukandamizwa kwa kitu kizito mpaka maji yatoke. Hiyo ndiyo tofu.

Kwa vitafunwa, tofu hukandamizwa zaidi mpaka iwe ngumu. Huchemshwa katika mchuzi mweusi wa soya, pamoja na viungo kama mdalasini. Halafu hukaushwa na kuchanganywa na mafuta ya pilipili. Wengine huongeza punje ziitwazo huajiao. Punje hizo hufanya ulimi ufe ganzi.

Soya ni chakula bora. Gramu 100 za soya kavu zina protini kama gramu 36. Maharage makavu ya uzito huo huo yana kama gramu 22.

KUMBE SI SOYA!

Mpwa wangu alisoma pakiti ya kwanza: soya. Akasoma ya pili: unga wa ngano! Bibi alishangaa. Rangi ni ile ile, mafuta ni yale yale.

Habari yake ni hii. Katika wilaya ya Pingjiang, huko huko Hunan, watu walijulikana kwa kutengeneza tofu kavu. Mwaka 1998 mto Yangtze ulifurika vibaya. Bei ya soya ikapanda. Basi watengenezaji wakatumia unga wa ngano badala ya soya, wakautia viungo vile vile. Ndipo kikapatikana kitafunwa kiitwacho latiao. Kilikuwa rahisi, na watoto wa shule wakakipenda mno.

Lakini mwaka 2019 televisheni ya China ilionyesha uchafu katika baadhi ya karakana za latiao. Mwaka huo huo serikali ilitoa maagizo ya usalama, na kuwahimiza watengenezaji wapunguze chumvi, mafuta na sukari.

HESABU YA CHUMVI

Nyuma ya pakiti ile ya ngano palikuwa na jedwali. Liliandikwa kwamba kila gramu 100 zina sodiamu miligramu 2,000. Sodiamu ni sehemu ya chumvi. Miligramu 400 za sodiamu ni sawa na gramu 1 ya chumvi. Sasa tugawe:

2,000 ÷ 400 = 5

Ni gramu 5 za chumvi! Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Hapo imehesabiwa na chumvi ya mboga. Na pakiti ile ilikuwa ya gramu 100.

Bibi akairudisha. "Daktari kanikataza chumvi, nami ningeitafuna yote barazani!"

Alichukua kipande kimoja tu cha soya. Kisha akaomba aelezwe tena namna ya kugandisha maziwa ya soya. Nyumbani unaweza kutumia maji ya ndimu badala ya jasi. Chumvi na pilipili utatia mwenyewe, kwa kipimo chako.

Ndugu msomaji, macho yetu yalidanganyika, na ulimi pia. Maandishi ndiyo yaliyotuambia tunakula nini. Ukinunua chakula cha pakiti, kisome kwanza. Kama lugha huijui, muulize anayeijua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maziwa ya soya ni lazima yachemshwe?
2. Pakiti ya gramu 50 ina sodiamu miligramu 800. Ina chumvi gramu ngapi?
3. Nani nyumbani kwako ameshauriwa kupunguza chumvi? Mtamsaidiaje?