Sura za Asia kwenye runinga: faida imehamia wapi?

Mwenye kibanda cha kuuza sidii na kujaza filamu kwenye flashi Buzebazeba, mjini Kigoma, hana budi kupiga hesabu upya. Waigizaji wa Asia wanaonekana zaidi kuliko zamani, lakini faida imehama.

Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya China ya Dou Dou na wakwe zake, ikiwa na sauti za Kiswahili. Awali mtazamaji alimtegemea mtafsiri wa kibanda cha video, aliyeongeza vichekesho vyake (wengine walimfuata yeye, si filamu). Mwaka 2016 StarTimes iliendesha shindano la kutafuta sauti nchini, na washindi wakapelekwa Beijing. Sura ni ya Mchina, sauti ya Mtanzania, na muuza dagaa anafuata kisa bila mkalimani.

Fedha sasa ziko kwenye ving'amuzi, madishi, ufundi wa kufunga na malipo ya mwezi. Kamisheni ni ndogo, ila mteja hurudi. Filamu ya flashi hulipiwa mara moja, kisha huzunguka mtaa mzima bure. Tahadhari: king'amuzi cha kampuni moja hakifunguki kwa malipo ya nyingine. Ulizia kwanza majirani wanatazama tamthilia ipi, ndipo uagize mzigo.