Kiungulia kinavyokata pumzi uwanjani

WINGA amepiga mbio tatu tu za pembeni, anashika kifua, anakohoa na kuinama. Jukwaani maneno yanaanza: "Huyo hana pumzi, mtoe!" Kumbe wakati mwingine tatizo haliko miguuni wala kwenye mapafu. Liko tumboni, na jina lake ni kiungulia.

Chini ya umio, njia inayopitisha chakula kwenda tumboni, kuna msuli unaofanya kazi kama kipa. Unaruhusu chakula kishuke, kisha unafunga ili tindikali isirudi juu. Kipa huyo akilegea, tindikali inapanda, kifua kinawaka moto na mdomo unajaa uchachu.

Kwa mchezaji mambo huwa magumu zaidi. Akikimbia tumbo linatikisika, akiinama linabanwa. Mazoezi makali nayo hupeleka damu nyingi kwenye misuli, hivyo chakula kinachelewa kutoka tumboni.

Pumzi inaingiaje hapo? Umio na njia ya hewa ni majirani. Matone ya tindikali yakivuka, yanaiwasha njia ya hewa na kuifanya ibane. Hata yasipovuka, umio ulioungua unaweza kuamsha mishipa ya fahamu ikaleta kikohozi na kubana kifua. Mwenye pumu ndiye anayeumia zaidi.

Mashabiki nao hawajapona. Msimu wa baridi Ulaya, mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa huanza saa 5:00 usiku kwa hapa nyumbani. Mtu anashushia chipsi mayai kwa soda au bia, filimbi ya mwisho inalia karibu saa 7:00, anajitupa kitandani tumbo likiwa limejaa. Akilala chali, tindikali inapanda kiulaini. Anaamka akikohoa, sauti imekwaruza, anasingizia kelele za kushangilia bao.

Vichochezi vingine ni sigara, kahawa, pilipili, nyanya, machungwa, chokoleti na unene wa tumbo. Si kila mtu anachokozwa na kitu kilekile, hivyo ni vizuri kuchunguza kinachokuudhi wewe.

Mchezaji ale mlo mkubwa saa tatu hadi nne kabla ya mechi, tena usio na mafuta mengi. Shabiki ale mapema, aache saa mbili hadi tatu kabla ya kulala, na ainue upande wa kichwa wa kitanda. Dawa za kutuliza maumivu kama diclofenac zisimezwe hovyo, kwani huudhi tumbo.

Kiungulia kikija zaidi ya mara mbili kwa wiki, muone daktari. Ukishindwa kumeza, ukitapika damu au ukipungua uzito bila sababu, usisubiri. Na maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, yenye jasho na kukosa pumzi, usiyaite kiungulia. Huenda ni moyo. Wahi hospitali hapohapo, hata kama mechi iko dakika za nyongeza.