Sura ya Nne: Kutoka Shikome hadi Kitabu

Ukiuliza habari za Ng'wanamalundi pale Malampaka, wilayani Maswa, Usukuma, hutakosa wa kukujibu. Mmoja atakwambia alinyoosha kidole na miti ikakauka. Mwingine atasema alitembea juu ya maji ya Ziwa. Wa tatu atakueleza jinsi Wajerumani walivyomfunga na gereza likashindwa kumzuia. Wote watatu wanamsema mtu aliyeishi kweli, Igulu Bugomola, aliyefariki mwaka 1936, miaka minane tu baada ya reli ya Tabora kufika Mwanza. Wajukuu wa waliomwona wangalipo, na tayari maisha ya mtu mmoja yamegeuka visa, na visa vimeota matawi.

Lakini visa si kitabu. Kila kimoja kinasimama peke yake, na msimulizi anaweza kuanza na chochote. Sura hii inauliza visa vya namna hiyo hupitia wapi hadi vikawa hadithi moja ndefu ya nathari, yenye ukoo mzima ndani yake, yenye ndoa, kesi, safari na misiba inayozaana.

Hakuna waliolichimba swali hili kwa bidii kama wataalamu wa saga za Aisilandi. Katika karne ya 13, watu wa kisiwa hicho cha kaskazini mwa Ulaya waliandika kwa lugha yao hadithi ndefu za nathari kuhusu mababu zao. Mambo yanayosimuliwa katika saga za koo yalitokea, kwa sehemu kubwa, kati ya mwaka 870 na 1030. Saga ya Njáll, iliyo kubwa kuliko zote, iliandikwa karibu mwaka 1280. Kwa hiyo kati ya tukio na kalamu kuna zaidi ya miaka 200, na waandishi wa saga hizo hawakuacha majina.

Pengo hilo ndilo lililowagawa wataalamu. Mwaka 1914 Andreas Heusler, msomi wa Uswisi, alizipa majina kambi mbili zilizokuwa zikishindana. Ya kwanza ilishikilia kwamba saga zilikwisha kukamilika midomoni mwa wasimulizi, na mwandishi alizinakili tu. Ya pili ilisema saga ni kazi ya mwandishi mezani, aliyesoma vitabu vingine na kubuni kama mwandishi yeyote wa riwaya. Pigo kubwa la kambi ya pili lilitoka kwa Sigurður Nordal mwaka 1940. Aliichukua saga fupi ya Hrafnkell, ambayo wengi waliiamini kuwa historia tupu, akailinganisha na kumbukumbu za kale za walowezi wa kisiwa hicho. Akaonyesha kwamba baadhi ya wahusika wakuu hawakupata kuwapo. Kumbe ule utulivu wa masimulizi, uliofanya kila jambo lionekane la kweli, ulikuwa ustadi wa mtunzi.

Hata hivyo, ushahidi wa masimulizi ya mdomo nao haupuuziki. Kuna habari mashuhuri ya harusi iliyofanyika Reykhólar mwaka 1119. Wageni walicheza, wakapigana mieleka, kisha mkulima mmoja aitwaye Hrólfr akasimulia saga aliyoitunga mwenyewe, na padri Ingimundr akasimulia nyingine yenye mashairi ndani yake. Habari hiyo yenyewe iliandikwa muda mrefu baadaye, na wasomi wameibishania sana, lakini inaonyesha kitu ambacho mtu wa Usukuma atakitambua mara moja: hadithi ndefu mbele ya hadhira, na ubeti ukiwekwa katikati kama shahidi.

Ubeti ndio kiini cha jambo lenyewe. Snorri Sturluson, mwanahistoria aliyeuawa mwaka 1241, alieleza kwa nini aliyaamini mashairi ya kale ya wafalme. Mashairi hayo yalikaririwa mbele ya wafalme wenyewe au watoto wao, na hakuna malenga ambaye angethubutu kumsifu mfalme kwa vita ambavyo wasikilizaji wote walijua hakupigana. Isitoshe, ushairi wao ulikuwa na vina na mizani migumu, na neno likibadilishwa, muundo unavunjika. Nathari huyeyuka, shairi hubaki. Ndiyo maana mwandishi wa saga hunukuu ubeti, kisha huuzungushia maelezo.

Usukuma una hazina ya aina hiyo. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, hutunga kwa ajili ya mashindano, na mashindano makali kuliko yote ni ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzishwa na waganga Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi hukabiliana uwanjani, kila moja likijaribu kuwavuta watazamaji wa lingine. Ningi hutaja watu, vijiji, njaa, safari na wakubwa wa serikali. Akikosea jina au akidai ushindi usiokuwapo, wapinzani wako hapo hapo kumsuta kwa wimbo. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo alichokisema Snorri, na kinafanya kazi hadi leo katika nchi ya pamba.

Basi kwa nini Aisilandi ikapata saga, na Usukuma, pamoja na nyimbo zake zote na shikome zake, ule moto wa jioni ambapo wazee waliwafunza vijana, haujapata kitabu cha namna hiyo? Jibu liko shuleni. Waaisilandi walipokea Ukristo karibu mwaka 1000, na pamoja nao herufi za Kilatini. Katika majira ya baridi ya 1117 hadi 1118 sheria zao, zilizokuwa zikikaririwa kwa kichwa, zilianza kuandikwa. Ndipo padri Ari Þorgilsson akaandika historia fupi ya kisiwa kwa lugha ya nyumbani, na kila alipopokea habari alitaja nani kamwambia na kwa nini mtu huyo aaminiwe. Maisha ya watakatifu yalitafsiriwa kutoka Kilatini, na kwa kuyafasiri waandishi walijifunza kubeba maisha ya mtu tangu kuzaliwa hadi kufa katika nathari inayotembea. Saga zilikuja baada ya mazoezi ya karne nzima.

Hapa mjadala wa Heusler unanifanya nitazame Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Mwanza, kwa sababu huko tunaweza kuona kwa macho kitu ambacho wataalamu wa Aisilandi wanakikisia tu. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa kitawala wa Wakerewe. Alikulia penye masimulizi ya wakubwa, akasoma misheni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, Bukoba, ambako alifundishwa Kilatini. Hakuwa padri. Alioa, na watoto wao walifariki wangali wadogo. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi kubwa ya Myombekere na mkewe Bugonoka, mume na mke waliopendana lakini hawakupata mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, mume anatozwa pombe ya ndizi ili arudishiwe, mganga anatafutwa, na hatimaye wanazaliwa Ntulanalwo na Bulihwali, ambao maisha yao yanaendelea kujaza juzuu ya pili.

Ni hadithi ya mdomo au ya kitabu? Ukiisoma utaona desturi zilizohifadhiwa na wazee: namna ya kupika pombe, kuvua, kuposa, kuzika, kumpokea mgeni. Hayo hayakubuniwa mezani. Lakini hakuna mzee aliyepata kuketi na kusimulia hadithi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Mpangilio wake, subira yake, na zile nafasi mtu anapowaza peke yake ni kazi ya Kitereza, mtu aliyesoma vitabu na aliyejua uchungu wa nyumba isiyo na mtoto. Kambi zote mbili zingeweza kumdai, na kwangu mimi hilo linatosha kuonyesha kwamba swali la aidha mdomo au kalamu liliulizwa vibaya tangu awali. Saga huzaliwa pale ambapo mtu mmoja ana mali zote mbili kwa ukamilifu.

Kitabu hicho kiliteseka. Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, alikipigania bila kufanikiwa kukichapisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald na Charlotte Hartwig kutoka Marekani walimkuta Kitereza akiwa mzee, wakamhimiza, naye akaifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Kazi ya ukubwa ule ikisubiri miaka 35 sandukuni, hiyo ni hasara ya taifa zima.

Usukuma haujakaa bure kabisa. Makumbusho ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yametunza vyombo na kumbukumbu za watemi, na Emmanuel Mbogo amempandisha jukwaani Ng'wanamalundi katika tamthilia yake. Ila tamthilia ni utanzu mwingine. Ile nathari ndefu, yenye ukoo wa Malampaka au Seke ndani yake tangu babu hadi mjukuu, bado haijaandikwa, na wanaojua habari zake wanapungua.

Kwa hiyo nakuomba wewe msomaji mwenye bibi au babu aliyebaki: msimu huu wa mavuno chukua daftari. Andika nyimbo kwanza, kwa Kisukuma kilekile kilichoimbwa, kisha maelezo ya kila wimbo. Chini ya kila ukurasa taja, kama Ari alivyotaja, jina la aliyekusimulia, kijiji chake, na yeye alisikia kwa nani.