Kiunganishi na Maktaba Sanifu katika Programu za Vifaa Pachikwa: Mfano wa Mita ya LUKU

1.0 Utangulizi

Katika kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania zilizofikiwa na umeme wa gridi, nishati huingia nyumbani kwa kupitia mita ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mtumiaji hununua umeme, hupewa tarakimu 20, huzibonyeza, na mita huongeza uniti. Ndani ya mita mna kompyuta ndogo yenye programu moja tu, iliyotiwa humo kiwandani, ambayo hutarajiwa kufanya kazi kwa miaka mingi bila kifuniko kufunguliwa. Kifaa cha namna hii, ambacho kompyuta yake imefichwa ndani ya shughuli nyingine, ndicho kinachoitwa hapa kifaa pachikwa.

Mwaka 2024 ulidhihirisha jinsi uamuzi mdogo uliofanywa ndani ya kifaa kama hicho unavyoweza kudumu. Kwa mujibu wa kiwango cha STS, kilichoasisiwa Afrika Kusini na kinachofuatwa na mita hizi, kila tokeni hubeba wakati wa kutolewa kwake, uliohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993 na kuwekwa katika biti 24. Biti 24 hutosha dakika 16,777,216, ambazo hazifiki miaka 32. Hesabu hiyo ilifika ukingoni tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo, wateja wa TANESCO ambao mita zao zilihusika walipewa, pamoja na tokeni ya kawaida, mafungu mawili ya ziada ya tarakimu 20, ili mita ihamie kwenye hesabu mpya inayoanzia mwaka 2014. Hivyo upana wa namba moja, uliokubaliwa mezani zaidi ya miaka 30 iliyopita, ulimfikia mkulima wa alizeti akiwa amesimama mbele ya mita yake, simu mkononi, akibonyeza tarakimu 60 badala ya 20.

Makala haya hayachunguzi kiwango cha STS. Yanachunguza uamuzi wa jamii hiyohiyo ambao hufanyika katika hatua ya mwisho ya kujenga programu, pale vipande vilivyotafsiriwa vinapounganishwa na maktaba sanifu. Mita inatumika hapa kama kielelezo cha kifaa. Haidaiwi kwamba mita fulani imejengwa kwa zana zitakazotajwa.

2.0 Kiunganishi hutazama nini

Programu ya kifaa pachikwa kwa kawaida huandikwa katika lugha ya C, kwa vipande vingi. Kompaila hutafsiri kila kipande peke yake. Kipande kinachohitaji fanksheni iliyo kwingineko huacha pengo lenye jina la fanksheni hiyo, na kiunganishi ndicho hupita baadaye kikijaza mapengo: hutafuta jina, hupata anwani, huandika anwani mahali pa pengo. Kisha hupanga kila kitu katika kumbukumbu kwa kufuata hati ya mpangilio, ambayo hueleza kumbukumbu ya kudumu inaanzia wapi, ya kazi inaanzia wapi, na kila moja ina ukubwa gani.

Istilahi yenyewe inastahili neno moja. Mwanasarufi anapotaja kiunganishi huwa na maana ya "na", "au", "lakini", na huenda akaona kwamba jina hili limeazimwa bila idhini. Hata hivyo mfanano upo. "Na" huunganisha mbuzi na ng'ombe, na huunganisha vilevile mbuzi na huzuni. Haikai kupima kama vinavyounganishwa vinaoana kimaana. Kiunganishi cha programu nacho kina tabia hiyo. Katika C hulinganisha majina, wala hakijui fanksheni inapokea nini na inarudisha nini. Kipande kimoja kikiamini kwamba neno "kaa" ni kiumbe cha pwani, na kingine kikiamini kwamba ni kipande cha moto, kiunganishi kitaviunganisha bila kulalamika, kwa kuwa tahajia ni moja. Kosa litaonekana baadaye, kifaa kikiwa kazini.

Ni kweli kwamba zipo hali ambazo kiunganishi hukataa. Katika vichakato vya ARM, kwa mfano, kila kipande hubeba maelezo ya namna kinavyopitisha namba za desimali, na vipande viwili vinavyotofautiana katika jambo hilo huzuiwa. Lakini kinga hizo ni chache, na mjenzi asiyezijua mipaka yake huzitegemea kupita kiasi.

3.0 Maktaba sanifu si moja

Msomaji aliyezoea kompyuta ya mezani hudhani kwamba maktaba sanifu ya C ni kitu kimoja kilichopo daima. Katika vifaa pachikwa mambo hayako hivyo. Ipo newlib, ambayo asili yake ni kampuni ya Cygnus; ipo sura yake iliyopunguzwa, newlib-nano; ipo picolibc; na kwa vifaa vikubwa kidogo vinavyotumia Linux zipo musl na glibc. Majina ya fanksheni zao hufanana kwa kuwa yamewekwa na kiwango cha lugha. Kilichomo ndani hutofautiana.

Chukua newlib-nano. Ili kuokoa nafasi, fanksheni yake ya kuchapa, printf, haichapi namba za desimali mpaka mjenzi aagize waziwazi kwamba sehemu hiyo ijumuishwe. Asipoagiza, programu huunganishwa salama na huanza salama, na panapotakiwa kuonekana uniti 12.5 huonekana nafasi tupu. Hakuna ujumbe wa kosa. Aliyejaribu programu yake kwa maktaba kamili kisha akabadilisha ili kubana nafasi hawezi kuligundua hili kwa kusoma msimbo wake, kwa sababu msimbo haukubadilika hata herufi moja.

Mfano wa pili ni mbaya zaidi. Maktaba sanifu haijui kifaa kina kioo, waya wa mawasiliano au hakina kitu, kwa hiyo humtaka mjenzi atoe fanksheni chache za chini: ya kuandika, ya kusoma, ya kuomba kumbukumbu. Asiyetaka kuziandika anaweza kuchagua seti iliyo tayari. Seti moja hurudisha jibu la kushindwa kila inapoitwa. Nyingine hupeleka maombi kwenye kompyuta ya mjenzi kupitia kifaa cha uchunguzi, na hii hupendwa kwa kuwa maandishi hutokea moja kwa moja mbele ya mjenzi. Lakini kichakato cha aina ya Cortex-M kikiita huduma hiyo bila kifaa cha uchunguzi kuwapo, huangukia katika hitilafu na kusimama. Programu hiyo hufanya kazi siku zote mezani, na hufa siku inapopigiliwa ukutani.

4.0 Uamuzi mmoja uliogawanywa

Chanzo cha matatizo haya mara nyingi si ujinga wa mjenzi, bali umbo la mfumo wa ujenzi. Mifumo kama CMake na Meson ina sanduku la maagizo ya kompaila na sanduku jingine la maagizo ya kiunganishi. Mgawanyo huo unafaa kwa kompyuta ya mezani. Kwa kifaa pachikwa, aina ya kichakato, namna ya kupitisha desimali na maktaba itakayotumika ni uamuzi mmoja, na ukiandikwa katika masanduku mawili utaoana kwa bahati tu.

Kosa linalorudi mara kwa mara ni hili: mjenzi anaiambia kompaila kwamba kichakato ni cha Cortex-M, lakini katika hatua ya kuunganisha anasahau kurudia. Kompaila ya GCC huja na nakala nyingi za maktaba ileile, kila moja kwa aina yake ya kichakato, na huchagua nakala kwa kutazama maagizo iliyopewa wakati wa kuunganisha. Isipopewa, huchukua nakala ya kawaida, ambayo kwa ARM inaweza kuwa imeandikwa kwa mfumo wa maagizo ambao Cortex-M haiuelewi kabisa. Majina yanapatikana, mapengo yanajazwa, faili inatoka. Kifaa hakiwaki.

Kwa hiyo busara ni kwamba kiunganishi kisiitwe moja kwa moja, bali kwa kupitia kompaila, ambayo ndiyo inayojua nakala zilipo. Na kwamba maagizo ya kichakato na ya maktaba yaandikwe mara moja, katika faili ya zana, kisha yatumike katika hatua zote mbili. Agizo la maktaba likikutwa limetawanyika katika faili za sehemu mbalimbali za mradi, hiyo yenyewe ni dalili ya ugonjwa.

Panahitajika pia tahadhari katika majaribio ya awali. CMake hujaribu kompaila kwa kujenga programu ndogo na kuiunganisha. Kwa kifaa kisicho na fanksheni za chini, jaribio hilo hushindwa ingawa kompaila ni nzima. Wapo wanaotibu tatizo hili kwa kuweka seti ya fanksheni bandia kwa mradi mzima, na hivyo kuficha mapengo halisi. Tiba iliyo sahihi, inayowezekana tangu toleo la 3.6 la mwaka 2016, ni kuiagiza CMake ijenge maktaba tu katika jaribio hilo, bila kuunganisha.

5.0 Suala la wakati

Kinachobaki ni kile kilichofungua makala haya. Katika maktaba nyingi za zamani, wakati huhesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970 katika namba ya biti 32 yenye alama. Hesabu hiyo itafurika tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Kwa mashine za biti 32, musl ilihamia kwenye biti 64 katika toleo la 1.2.0 la mwaka 2020. Glibc iliruhusu jambo hilo, kwa kuagizwa, katika toleo la 2.34 la mwaka 2021.

Neno "kwa kuagizwa" lina uzito. Mradi ukitafsiri vipande vyake kwa wakati wa biti 64, kisha ukaunganisha na maktaba ya mtu wa tatu iliyotafsiriwa zamani kwa biti 32, pande mbili zitapashana miundo ya data yenye upana tofauti chini ya jina lilelile, na kiunganishi, kwa tabia yake iliyoelezwa, hakitaona neno. Kwa hiyo kila toleo linalopelekwa kiwandani liambatane na faili ya ramani ambayo kiunganishi huweza kuitoa, inayoonyesha kila fanksheni ilitoka katika nakala ipi ya maktaba ipi. Faili hiyo ni maandishi matupu. Fundi atakayeitwa Unyambwa mwaka 2038 kutazama kifaa kilichosimama asubuhi hiyo atakuwa na mahali pa kuanzia, ikiwa aliyeijenga programu aliihifadhi.